Jumamosi Saba za Darasa la Saba

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema waliosema. Bila shaka hao hawakuwahi kuajiriwa kusafisha shule. Mwanamke huyu aliyazoa maji kila siku ya kazi kwa mwaka mmoja na nusu, kwa dekio na ndoo na mikono yake miwili, mpaka wanafunzi wakamsahau jina na kumwita Mama Deki. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mwendo wake wa haraka kama mtu anayeitwa huku na huku. Mgongoni alibeba binti wa miezi tisa ambaye hakutakiwa kuwepo.

Hilo la mtoto mwalimu mkuu alikuwa amelisema mapema, siku Mama Deki aliporudi kutoka uzazi.

"Kazi yako ipo," alimwambia. "Lakini mtoto asionekane darasani. Hapa shule, siyo kliniki."

"Ndiyo, mwalimu. Nitamwacha kwa jirani."

Na kweli alimwacha kwa jirani, miezi miwili. Kisha jirani akahama. Mume wake alikuwa fundi mwashi, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na huwezi kumfunga mtoto mgongoni ukapanda naye jukwaa la ujenzi. Basi Mama Deki akafanya yale wanayofanya kina mama wengi: akaanza kuja na mtoto, na kuomba Mungu asilie.

Alikuwa na mpango wake. Alifika saa tisa alasiri, wanafunzi na walimu wakiwa wanaondoka. Darasa la saba lilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu, mbali na ofisi, na mtoto wa zamu alikuwa ameshalifagia. Alitandika kanga kwenye kona, akamlaza binti yake, akaenda kupiga deki vyumba vingine. Darasa la saba alilimalizia mwisho, mtoto akiwa tayari mgongoni.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua. Chini kabisa ya ukuta, kila darasa lilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, la kutolea maji ya deki. Siku moja alirudi kumchungulia mtoto, akamkuta panya ameingia kwa lile tundu, ananusa kidole gumba cha mguu wa binti yake kama mteja anayechagua nyanya. Mama Deki alipiga kelele hadi panya akasahau alikotokea. Kuanzia siku hiyo akawa anachukua tambara kuukuu, analisokota, analivisha mfuko wa nailoni, anaziba tundu. Akimaliza kazi anazibua na kusukumia maji nje. Kuziba, kuzibua. Wiki sita hivyo, na hakuna aliyejua.

Mpaka Ijumaa ile.

Ijumaa ile mbingu iligeuka rangi saa kumi kasoro. Upepo ulikuja na mchanga, milango ikaanza kujibamiza yenyewe, na mtoto akaamka akilia kilio cha hofu. Mama Deki alimwinua, akamfunga mgongoni, akatazama sakafu ya darasa la saba ambayo hakuwa ameigusa.

"Nitakuja Jumatatu mapema," alijisemea. Akafunga kufuli, akakimbia.

Hakuzibua.

Dhoruba ilivuma usiku kucha, na mvua haikukatika hadi Jumapili. Barabara ya kwenda shuleni ilifunikwa na maji, ikatangazwa shule zote zifungwe. Jumanne, maji yalipopungua kufika magotini, watu walikwenda kutazama kilichobaki. Walikuwepo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la saba, mlinzi, fundi seremala, na watoto wachache wanaokaa karibu waliokuja na mafagio. Mama Deki alikuwepo pia, mgongo mtupu. Kazi za ujenzi zilikuwa zimesimama, mtoto kabaki na baba yake.

Vyumba vingine vilikuwa na tope tu, maji yalikuwa yameingia na kutoka. Lakini juu ya darasa la saba bati lilikuwa limeng'oka nusu, na walipofungua mlango walikuta bwawa. Kizingiti cha mlango kilikuwa kimejengwa juu kuzuia maji ya nje yasiingie. Sasa kilikuwa kinazuia ya ndani yasitoke. Maboksi manne ya vitabu vipya yalikuwa yamekaa chini yakisubiri rafu, ambayo fundi seremala alikuwa ameiahidi "kesho" tangu muhula uliopita. Vitabu vilikuwa vimevimba na kupasua maboksi. Sakafu upande wa dirishani ilikuwa imelainika na kubonyea.

"Maji haya yamekaa humu kama yameandikishwa shule," alisema fundi. Akapinda suruali, akaingia, akapapasa chini ya ukuta. Akavuta. Kilitoka kitu kama mguu wa mdoli, na maji yakaanza kukimbia yakipiga mluzi.

Akakiinua juu ili kila mtu akione. Tambara ndani ya nailoni, limesokotwa vizuri, limebana. Kazi ya mtu asiyelipua kazi.

"Nani kaziba hapa?" akauliza mwalimu mkuu.

Watoto waliinamia mafagio yao.

"Nani alikuwa zamu Ijumaa?"

Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliitazama karatasi ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango. Wino ulikuwa umechuruzika lakini ulisomeka. Aliyekuwa zamu alikuwa pale pale, ameshika fagio: msichana wa miaka kumi na tatu, mpole, anayekaa na bibi yake mshona nguo. Watoto wavivu walikuwa na tabia ya kusukumia takataka kwenye tundu badala ya kuzizoa, kila mwalimu alijua hilo. Macho yote yakamwelekea.

"Siyo mimi, mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka.

"Kama siyo wewe, unalia nini?" akauliza mwalimu mkuu.

Nani ana jibu la swali hilo?

Mama Deki alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alifungua mdomo. Akaona mbele yake swali la kwanza: "Kwa nini uliziba?" Akaona jibu lake, limelala kwenye kanga kwenye kona, miezi tisa. Akaona barua ya kuachishwa kazi. Akafunga mdomo, akachukua dekio, akaanza kusukuma maji kuelekea kwenye tundu, kwa bidii, kama mtu anayefuta alama za nyayo.

Madarasa mengine yalifunguliwa baada ya siku nne. Darasa la saba lilisubiri bati, kisha sakafu mpya, kisha sakafu ikauke. Vyumba vingine vilikuwa vimejaa pomoni, na nje mvua haikuwa imemaliza hasira zake. Siku kumi na moja zikapotea, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Mwalimu mkuu akaitisha wazazi, akatangaza: siku nne zitafidiwa kwa saa moja ya ziada kila alasiri, na siku saba zitafidiwa kwa Jumamosi saba.

Mama Deki alisimama nyuma ya wazazi, akasikia hesabu hiyo ikiingia mwilini kama baridi. Siku nne zilikuwa za Mungu. Saba zilikuwa zake yeye.

Jumamosi ya kwanza alifika kabla ya wote, akafungua kufuli. Mume alikuwa kazini, hivyo mtoto alikuwa mgongoni. Mwalimu mkuu hakuwa na kawaida ya kuja Jumamosi. Mwalimu wa darasa alimwona, akasimama.

"Mwalimu, nilikuwa..."

"Mimi sijaona kitu," alisema mwalimu, akatabasamu kwa uchovu. "Wangu nimemwacha analia mlangoni. Ana miaka miwili. Ameniuliza, mama, leo siyo Jumamosi?"

Ungemtukana ingekuwa nafuu. Mama Deki alikwenda kufuta ubao uliokuwa safi tayari.

Watoto waliingia wakiburuta miguu. Mmoja alikuwa ameachwa na timu yake ya mpira kwa kuwa hatafika tena mazoezi ya Jumamosi. Mwingine alisema mama yake sasa anafungua genge la mboga peke yake. Hasira haikuwa na pa kwenda, maana huwezi kuipiga mvua kofi. Basi ikaenda kwa msichana wa zamu.

"Karibu, Kizibo!" mmoja akamwita alipoingia.

"Kizibo, leo umeziba wapi?"

"Mwalimu, Kizibo aombewe, asije akaziba na kisima!"

Mwalimu aliwakaripia, wakanyamaza, lakini jina likabaki. Jina likishapewa kiti halinyanyuki kirahisi. Msichana alikaa dawati la mwisho, akainamisha kichwa, akaandika bila kutazama ubao. Nje ya dirisha Mama Deki alikuwa anasafisha mtaro usiohitaji kusafishwa, anasikia kila neno.

Jumamosi ya pili msichana alikuja amechelewa. Ya tatu hakuja. Na si Jumamosi tu. Hata katikati ya wiki akaanza kukosa, leo tumbo, kesho kichwa. Mwalimu alisema maneno haya mlangoni, kwa sauti ya kawaida tu, akimwambia mlinzi: "Yule mtoto akiendelea hivi hatafika kwenye mtihani. Na ndiye aliyekuwa wa tatu darasani."

Usingizi ukamhama Mama Deki. Mume wake alimuuliza, "Mke wangu, mbona chai umeitia chumvi?" Alisema ni sukari ya dukani, siku hizi haina utamu. Mume akanywa ile chumvi bila neno lingine, na hilo nalo likamuuma.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa yule msichana, mtoto mgongoni. Alijiambia anakwenda kumtazama tu. Alimkuta bibi kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mdomo umeshika pini. Bibi alimkaribisha mkekani, akamletea maji ya kunywa.

"Pole, bibi. Nimesikia mjukuu haji shule."

"Tumbo," alisema bibi. Akatoa pini mdomoni. "Siku zote tumbo lake lilikuwa zima. Wamempa jina huko. Mwanangu, mimi nimeshona sare za nusu ya watoto wale wanaomcheka. Nikiwashonea sasa, naona hata sindano inataka kuwachoma."

Msichana alitoka chumbani. Akamwona mtoto, uso ukafunguka kidogo. Akanyoosha mikono, na binti wa Mama Deki, ambaye hakuwa mtu wa kuchukuliwa na kila mgeni, akamwendea akicheka. Msichana alimpakata, akamshika kidole gumba cha mguu, kile kile.

"Mama Deki," alisema bila kuinua macho, "mimi sikuziba."

"Najua."

"Kweli unajua?"

"Najua, mwanangu."

"Hata bibi aliniuliza mara mbili. Wewe hukuniuliza hata mara moja." Msichana akamtazama sasa, macho yakilengalenga. "Ni wewe peke yako unaniamini."

Mama Deki alikunywa yale maji yote kwa mkupuo ili apate kitu cha kufanya na mdomo wake. Akaaga. Njiani alijaribu kujitetea: mimi ni mama, nina mtoto wa kulisha. Lakini na yule pia ni mtoto, na yule pia ana wa kumlisha, amekaa kwenye cherehani na pini mdomoni. Utetezi ukamwishia kabla hajafika kona.

Ijumaa mlinzi alimpasha habari. "Kesho mwalimu mkuu anakuja kukagua. Huyo wako mgongoni umtafutie pa kumficha, mimi nimekwambia."

"Asante, baba."

Angeweza kumtafutia pa kumficha. Mwenye duka la jirani na kwao alikuwa amekwisha kumwambia amlete siku moja moja. Jumamosi ya nne aliamka, akamwogesha binti yake, akamvika gauni lake zuri, akamfunga mgongoni kwa mafundo mawili.

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa mbele, miguu ameipishanisha, wakati mwalimu anaita majina. Alipofika kwa yule msichana, darasa likaitikia kwa pamoja, kama wimbo waliokwisha kuuzoea:

"Kizibo hayupoo!"

"Nyamazeni!" alisema mwalimu.

"Siyo yeye," ikasema sauti mlangoni.

Vichwa vikageuka. Mama Deki alikuwa kwenye kizingiti, ndoo mkononi. Mwalimu mkuu alimtazama yeye, kisha akatazama kichwa kidogo kilichochungulia juu ya bega lake.

"Siyo yeye aliyeziba tundu. Ni mimi." Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, mazuri, na sasa hata moja halikuonekana. "Nilikuwa namlaza mtoto pale konani. Panya aliingia. Nikawa naziba, halafu nazibua. Ijumaa ile upepo ulikuja, nikakimbia, nikasahau. Jumanne fundi alipolitoa lile tambara nilikuwa nimesimama pale. Nikanyamaza. Hapo sikusahau. Nilinyamaza tu."

Feni ya dari, ambayo haikuwa imefanya kazi tangu ifungwe, ilining'inia juu yao. Kisha mtoto akapiga chafya.

"Ana umri gani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Miezi kumi na kidogo, mwalimu."

"Na muda wote huo alikuwa anakuja?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Pengine naye alikuwa anakumbuka swali lake: unalia nini? Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea.

"Mambo ya kazi tutayaongea Jumatatu. Sasa hivi nenda kamlete mtoto uliyemfukuza shule."

Neno hilo, uliyemfukuza, alitembea nalo njia nzima.

Bibi alikuwa pale pale kwenye cherehani. Safari hii Mama Deki hakukaa mkekani. Alisema akiwa amesimama mlangoni, mbele ya bibi na mjukuu, na alisema yote, hata lile la kunyamaza. Mguu wa bibi uliacha kukanyaga.

"Ulikaa kwenye mkeka wangu," alisema bibi taratibu. "Ukanywa maji yangu. Ukaniambia pole."

"Ndiyo, bibi."

"Pole!"

"Nisamehe, bibi."

"Aliyebeba jina lako si mimi. Muombe huyo."

Msichana alikuwa amempokea mtoto walipofika, kwa mazoea. Sasa alimtazama mtoto, akamtazama mama yake. Akamrudisha, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Ulisema unajua," alisema.

Ndilo neno pekee alilosema. Akaingia chumbani, akatoka amevaa sare, begi begani, akatangulia. Alitembea hatua kumi mbele njia nzima. Mama Deki alifuata nyuma, hakujaribu kumfikia.

Msichana alipoingia darasani hakuna aliyemwita Kizibo. Yule bingwa wa majina, wa kwanza kumwita hivyo, alisogea kwenye dawati, akampisha, akamsukumia daftari lake la hesabu. "Nakili," alimnong'oneza. "Lakini swali la nne nimekosa, usinifuate."

Jumatatu barua ya onyo ilitoka. Ilikuwa na mstari mmoja kuhusu tundu na mistari mitano kuhusu mtoto. Kamati ya shule ilisema kazi yake itafikiriwa upya mwisho wa mwaka, na mtoto atafutiwe pa kukaa. Pa kukaa hapajapatikana. Mtoto sasa anakaa mgongoni tu, hatandikiwi tena sakafuni, na mwalimu mkuu akikutana nao kwenye baraza hutazama juu kukagua mabati.

Watoto ni watoto, jina zuri hawaliachi lipotee. Jumamosi ya tano walipofika getini, sauti ikasikika: "Shikamoo, Mama Kizibo!"

"Marahaba," aliitikia. Na akaitikia kila mara. Mlinzi alimwuliza kwa nini hawakaripii. Alisema, "Waache, baba. Lilikuwa limekaa kwa mtu asiye mwenyewe."

Lakini msichana hakumwita kwa jina hilo wala jingine. Alimpita mlangoni Jumamosi ya tano, akampita ya sita. Heshima ilikuwepo, kichwa aliinamisha kidogo kama wanavyofundishwa, ila neno hakuna. Mama Deki hakudai. Alifungua kufuli, akafungua madirisha, akachota maji.

Jumamosi ya saba zamu ilimrudia msichana. Vipindi vilipokwisha wenzake walitoka wakishangilia, mabegi yakirushwa juu, deni la siku limekwisha. Yeye alibaki na fagio. Mama Deki alisubiri nje na ndoo yake, mtoto mgongoni, mpaka fagio liliponyamaza. Akachungulia.

Msichana alikuwa amepiga magoti kwenye kona, shavu karibu na sakafu mpya. Alikuwa ameingiza mpini wa fagio kwenye tundu, anausukuma mpaka mwisho, anauvuta, anausukuma tena. Kisha akainama kabisa, jicho moja kwenye tundu, akaona mwanga wa upande wa pili.

Akasimama, akajipangusa magoti, akaegemeza fagio ukutani. Alipofika mlangoni alisita.

"Liko wazi, Mama Kizibo," alisema, akitazama nje.

"Abee, mwanangu. Asante."

Msichana akaondoka. Mama Deki aliingia, akamwaga ndoo ya kwanza, akaanza kusukuma. Alipolifikia tundu akainama na kulitazama, ingawa alikuwa amekwisha kuambiwa.